Sarafu za zamani za Mwingereza: jinsi ya kuzinunua kwenye minada ya mtandaoni bila kupigwa

Kama kwenu kuna lile kopo la bibi la vifungo na sindano, hebu chungulia chini kabisa. Unaweza kukuta senti kumi ya Afrika Mashariki, kubwa, ya shaba, ina tundu katikati, na ukiisogeza kwenye mwanga ukasoma pembeni imeandikwa EDWARDVS VIII, mwaka 1936. Huyu ni mfalme Edward wa Nane wa Uingereza, aliachia kiti Desemba 1936 kabla hata ya kuvishwa taji, na Uingereza kwenyewe hakuna sarafu yake iliyowahi kutolewa rasmi kuingia mtaani, lakini bibi zetu walikuwa wananunulia chumvi sarafu yenye jina lake. Sababu ni lile tundu. Senti zetu hazikuwa na sura ya mfalme, zilikuwa na jina tu, kwa hiyo mafundi hawakuwa na haja ya kusubiri picha yake ichongwe.

Mimi hiyo senti ndiyo iliyoniingiza. Nilitoka nayo Tanga, nipo Leicester mwaka wa kumi na moja sasa, nikaanza kuuliza kwanini senti yetu ina herufi H ndogo, nikakuta H ni ya kiwanda cha Heaton cha Birmingham, na kiwanda hicho hicho ndicho kilichogonga baadhi ya zile pesa za Mombasa za 1888 zenye mizani, na pia kikaigongea Uingereza yenyewe peni za malkia Victoria pale kiwanda cha serikali London kilipozidiwa. Kutoka hapo sikurudi nyuma. Watu huniuliza naanzaje na nanunua wapi, kwa hiyo naandika yote hapa mara moja, ndefu kidogo mnisamehe.

Kwanza jua hesabu yao ya zamani, maana bila hiyo utasoma matangazo huelewi kitu. Pauni moja ilikuwa shilingi 20, shilingi moja ilikuwa peni 12, kwa hiyo pauni ni peni 240. Chini ya peni kuna nusu peni na fadhingi ambayo ni robo ya peni. Juu ya peni kuna peni tatu, peni sita, shilingi, florini ambayo ni shilingi mbili, nusu krauni ambayo ni shilingi mbili na peni sita, na krauni shilingi tano. Wakenya wakisema "bob" wanasema neno lile lile la mtaani la Waingereza la shilingi. Hesabu hii ilikufa tarehe 15 Februari 1971, walipohamia peni 100 kwa pauni. Sarafu yoyote ya hesabu hiyo ndiyo wanayoiita sarafu ya zamani.

Sasa kosa ambalo karibu kila mtu analifanya ni kununua kila kinachong'aa. Mwezi wa kwanza una fadhingi, una krauni, una medali ya shule ya mtu, na huna unachokijua vizuri hata kimoja, na kwenye mnada asiyejua ndiye anayelipa zaidi. Chagua kitu kimoja ukikae nacho. Mimi namshauri mtu aanze na peni za Victoria za 1860 mpaka 1894, zile ambazo wenyewe wanaziita "bun penny" kwa sababu malkia amefunga nywele kisogoni fundo kama andazi dogo. Andika hivyo hivyo kwenye kutafuta. Zilizochakaa ni rahisi sana, za kati zinafikika, na ndani yake kuna miaka migumu kama 1869 na 1871, kwa hiyo una pa kukulia.

Niielezee moja niliyo nayo hapa mezani, ya 1862. Ina upana wa milimita 31 hivi, uzito gramu 9.4, rangi ya tende iliyokauka. Upande wa pili yumo Britannia, yule mwanamke anayesimama kwa Uingereza, amekaa na mkuki wake wa ncha tatu, kushoto kwake kuna mnara wa taa, kulia merikebu. Ukikuta peni ya Victoria haina mnara wala merikebu basi ni ya 1895 kwenda mbele, malkia kazeeka na ana shela. Mnara ulirudi 1937 lakini merikebu haikurudi. Tazama chini ya mwaka kama kuna ile H, utaikuta kwenye 1874, 1875, 1876, 1881 na 1882. Hapo sasa ndio utamu, maana muuzaji asiyejua anaandika tu "peni kuukuu 1875", anapiga picha, na H ipo pale pale kwenye picha anaiona anayeangalia. 1875 ya kawaida ni ya bei ya chai, yenye H si mchezo. Na kwa 1882 ni kinyume, zenye H zimejaa, isiyo na H ndiyo adimu kweli kweli, na kwa sababu hiyo kuna watu wanaikwangua H. Ukiambiwa 1882 haina H, ona picha kubwa ya pale chini ya mwaka kabla hujasema neno.

Kama unapenda fedha, shika miaka miwili kichwani: 1920 na 1947. Kabla ya 1920 sarafu zao nyeupe zilikuwa fedha asilimia 92.5. Kuanzia 1920 wakashusha mpaka 50, bei ya fedha ilipanda baada ya vita. Kuanzia 1947 hakuna fedha kabisa, ni shaba na nikeli. Uzito ni rahisi kukumbuka kwa sababu unagawanyika: krauni gramu 28.28, nusu krauni 14.14, shilingi 5.66, peni sita 2.83, florini 11.31. Kwa hiyo nusu krauni ya 1915 ina fedha halisi kama gramu 13, ya 1935 ina gramu 7. Zidisha kwa bei ya fedha ya siku hiyo, umepata sakafu, yaani chini ya hapo muuzaji mwenye akili hauzi. Nina karatasi yenye hesabu hiyo nimeibandika ukutani juu ya kompyuta. Ukiona loti, yaani fungu linalouzwa pamoja, ya nusu krauni kumi zilizochakaa inakaribia bei ya sakafu, hapo hata ukikosea huumii sana.

Haya, hali ya sarafu. Hapa ndipo pesa zote zilipo, kuliko umri. Watu wanadhani sarafu ya 1797 lazima iwe ghali kwa sababu ni ya zamani, wakati ile peni kubwa ya 1797 iliyogongwa kwa mashine za mvuke za Boulton kule Soho, Birmingham, aunsi nzima ya shaba, iliyochakaa unaipata kwa bei ya chakula cha jioni. Waingereza wana ngazi zao: Fine imechakaa lakini inasomeka, VF imetumika kiasi, EF imeguswa kidogo tu kwenye sehemu zilizoinuka, UNC haijawahi kuingia mfukoni. Kati ya VF na EF bei inaweza kuruka mara tatu au nne, kwa hiyo muuzaji ana kila sababu ya kuivutia juu. Usisome anachosema, angalia penye kuchakaa kwanza. Kwenye hizi peni za Victoria ni nywele za juu ya sikio, na upande wa Britannia ni kifuani na kofia yake. Kama nywele zimekuwa uwanda mmoja, hiyo siyo EF hata aandike kwa herufi kubwa.

Halafu kuna usafi. Naomba hili ulishike kuliko yote: sarafu ya zamani haisafishwi. Siyo kwa ndimu, siyo kwa dawa ya meno, siyo kwa soda wala kitambaa cha sonara. Ngozi ile ya kahawia au kijivu imechukua miaka mia kujijenga, na ukiitoa thamani inaondoka nayo, mara nyingi zaidi ya nusu. Ukinunua pia ikwepe iliyosafishwa. Unaijuaje? Shaba inakuwa na rangi ya waridi, kama sufuria iliyotoka kusuguliwa kwa majivu, inang'aa sawasawa kila mahali mpaka kwenye mashimo ya herufi, na ukikuza picha unaona michirizi myembamba inaelekea upande mmoja. Mng'ao wa asili haukai hivyo. Wa asili unazunguka kama mwali ukiinamisha sarafu, na unabaki zaidi pembeni ya herufi ambako vidole havikufika. Mwambie muuzaji akutumie video fupi anaizungusha chini ya taa. Anayekataa jambo dogo hivyo nampita.

Sasa twende kwenye mnada wenyewe. Kuna aina mbili na zinaenda tofauti. Ya kwanza ni eBay, ambako yeyote anauza. Ya pili ni nyumba za mnada, kubwa kama Spink na Noonans za London, au za miji midogo zinazouza fanicha, picha, saa na masanduku ya marehemu, na hizi nyingi zinapitia mitandao ya pamoja kama the-saleroom au easyLive. Nikupe siri ambayo siyo siri: nyumba ndogo za mikoani ndizo ninazozipenda, kwa sababu mtaalamu wao ni wa vyombo vya udongo, sarafu anaziweka kwenye bakuli moja anaandika "sarafu mchanganyiko". Omba picha za ziada, wanatuma, ni kazi yao. Nyumba kubwa hazikosei hivyo, lakini zinakupa uhakika, zinaeleza kasoro kwa uaminifu, na zina kumbukumbu za bei zilizopita ambazo unaziangalia bure.

Kabla ya kuweka dau lolote, tafuta bei iliyolipwa kweli. Siyo bei iliyoandikwa, mtu anaweza kuandika pauni elfu tano kwa fadhingi na hakuna wa kumzuia. Kwenye eBay bonyeza kichujio cha vilivyouzwa, ona tano sita za mwaka ule ule na hali ile ile, toa ya juu kabisa na ya chini kabisa, hiyo ya katikati ndiyo bei.

Kisha ada. Hapa wageni wanalia. Kwenye nyumba ya mnada bei ya nyundo, yaani dau la mwisho dalali anapogonga, siyo unayolipa. Kuna kamisheni ya mnunuzi, mara nyingi ipo kati ya asilimia 20 na 25, wengine wanazidi, halafu kuna VAT ya asilimia 20 juu ya hiyo kamisheni, halafu kama umepitia mtandao wa pamoja nao wanaweza kuchukua kama asilimia 5 na VAT yake. Tuseme nyundo imegongwa pauni 100 na kamisheni ni 24. Unalipa 100, na 24, na VAT 4.80, na mtandao 6, jumla 134.80, bado posta ambayo kwa kitu cha thamani weka 12. Umefika 146.80 kwa sarafu ya mia. Kwa hiyo fanya hesabu kwa kurudi nyuma: kama sarafu thamani yake kwako ni pauni 100 zote ndani, toa 12 ya posta, gawa 88 kwa 1.348, unapata 65. Dau lako la mwisho ni 65, liandike kwenye karatasi, na mnada ukianza karatasi ndiyo inayoongea. Masharti ya ada yapo kwenye ukurasa wa kila mnada, yanatofautiana, yasome kila mara hata kama unawajua.

Mnada wa moja kwa moja unakwenda mbio, loti mia na kitu kwa saa, kwa hiyo sekunde ishirini thelathini umepata au umekosa. Mlio nyumbani Afrika Mashariki angalieni saa: London ikiwa saa nne asubuhi, wakati wa baridi huko ni saa saba mchana, wakati wa kiangazi ni saa sita mchana, maana wao wanasogeza saa. Kama utakuwa kazini, acha dau lako la juu mapema, dalali atakupandishia kidogo kidogo mpaka hapo tu.

eBay nayo inakupandishia yenyewe. Ukiweka 45 na mwingine alikuwa ameweka 30, unaongoza kwa 31 siyo kwa 45. Kwa hiyo hakuna faida ya kutia pauni moja moja siku nne mfululizo, unawaamsha tu wenzako na kuwaonyesha kuna kitu. Mimi naweka mara moja, sekunde sita au saba za mwisho, dau langu kamili, na siweki namba ya mviringo. Watu wanapenda 40, wewe weka 40.27, zile peni 27 zimenipa sarafu nyingi tu. Ukikosa umekosa. Peni za Victoria ziligongwa kwa mamilioni, wiki ijayo itatokea nyingine.

Bandia zipo, na zinafuata pesa. Peni ya 1933 zinajulikana kama saba tu duniani, na nyingine kati ya hizo ziliwekwa chini ya misingi ya majengo, kwa hiyo ukiiona mtandaoni kwa pauni 60 ujue mtu amechezea tarakimu ya mwaka mwingine. Krauni kubwa za fedha, hasa ile ya mapambo ya 1847, zinafyatuliwa kama matofali. Na nusu krauni ya 1905, ambayo ziligongwa 166,008 tu, hiyo iliniumiza mimi mwenyewe. Niliinunua kwa muuzaji mmoja mwenye picha zenye ukungu kidogo, nikajiambia ukungu ni wa simu yake. Ilipofika nikaiweka kwenye mizani: gramu 12.6. Nusu krauni iliyochakaa sana inaweza kupungua, lakini siyo gramu moja na nusu wakati nywele za mfalme bado zinaonekana. Nikaigeuza ukingo, meno yake hayalingani, na kuna mstari mwembamba umezunguka katikati kama mshono wa chapati mbili zilizobanwa. Imemiminwa kwenye kalibu. Nilipiga picha ya mizani, nikafungua madai siku ile ile, pesa ikarudi baada ya wiki mbili za kuandikiana. Kilichoniokoa ni kwamba niliipima siku iliyofika, siyo mwezi baadaye.

Kwa hiyo vifaa: mizani ndogo ya sonara inayosoma gramu 0.01, kipimo cha upana, lenzi ya kukuza mara kumi, na sumaku. Sarafu ya fedha, dhahabu au shaba ya miaka hiyo haishikwi na sumaku. Ikishikwa, mazungumzo yamekwisha.

Dhahabu niiguse kidogo maana mtaniuliza. Pauni ya dhahabu iliyoanza 1817, yenye mtakatifu George na joka alilolichonga Pistrucci, ina gramu 7.98 na upana milimita 22.05, karati 22. Bibi yangu alikuwa nazo mbili kwenye kidani. Kwa kuvaa ni nzuri mno, kwa ukusanyaji zile zilizowahi kufungwa kwenye kidani zimeshuka, ukingo una alama za solda au zimelainishwa, na wauzaji waaminifu huandika "ex-mount". Kama unataka dhahabu tu, hizo ndizo za kununua, zinakaribia bei ya madini. Tafuta pia herufi ndogo: S ni Sydney, M Melbourne, P Perth, SA Pretoria. Lakini usinunue pauni yako ya kwanza kwa mtu asiye na historia ya mauzo. Nunua nyumba ya mnada au duka la sarafu, dhahabu bandia zilizotengenezwa vizuri zipo tangu zamani na kwa picha huwezi.

Posta. Ndani ya Uingereza sisitiza Special Delivery ya Royal Mail, ndiyo inayofidia vitu vya thamani, unaweza kuikatia mpaka pauni 2,500. Posta ya kawaida sarafu ikipotea hufidiwi. Kama upo Dar au Mombasa na una ndugu huku, mara nyingi ni afadhali ifike kwake kwanza, aipime, aipige picha, halafu ije na mtu, na forodha uulize kabla siyo ikishafika.

Kuhifadhi ni rahisi ila watu wanaharibu hapa hapa. Shika ukingo tu, vidole viwili, juu ya kitambaa kilichokunjwa ili ikianguka ianguke laini. Zile plastiki laini zenye harufu ya pazia la bafuni usiweke kitu humo, baada ya muda zinatoa utelezi wa kijani unaokula shaba. Bahasha ndogo za karatasi zisizo na asidi, au vile vikasha vya duara vya plastiki ngumu. Walio mwambao, hewa ya chumvi ni adui wa shaba, tia vile vifuko vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, uvibadilishe.

Na kwenye kila bahasha andika kwa penseli: mwaka, hali unavyoiona wewe, uliinunua wapi, lini, umelipa ngapi na ada zake zote. Bahasha ya ile senti ya bibi haina bei, nimeandika tu Tanga, kopo la vifungo, 1936, ina H.